Kabla ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya parokia

Kompyuta nyingi tunazozikuta katika ofisi za parokia, zahanati na vyuo vya ufundi zilifika kama msaada, baada ya kutumika miaka kadhaa mahali pengine. Nyingi zilikuja na mfumo wa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kuuhudumia mfumo huo. Kompyuta inawaka na kufanya kazi kama kawaida, lakini isipoandikishwa katika mpango maalumu wa nyongeza haipokei tena marekebisho ya usalama. Mfumo uliofuata, Windows 11, ulitoka Oktoba 2021 na masharti yake ni magumu. Unadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta ya mwaka 2014 au 2015, hata ikiwa nzima kabisa, haimo.

Kamati inabaki na njia tatu: kununua kompyuta nyingine, kuendelea na mfumo usiopata ulinzi, au kuweka mfumo mwingine. Wengi wanaochagua njia ya tatu huweka mmojawapo wa mifumo ya jamii ya Linux, kama Ubuntu, Linux Mint au Debian, ambayo haina ada ya leseni na huenda vizuri kwenye mashine za zamani.

Makala hii haikusudii kuwachagulia njia. Inaeleza hatua moja inayotangulia kuweka mfumo mpya, ambayo mara nyingi hurukwa: kukagua na kuandaa mipangilio ya ndani ya kompyuta. Ikifanyika vizuri, kazi inayofuata ni nyepesi. Ikirukwa, kamati inaweza kupoteza kumbukumbu ambazo haziwezi kuandikwa upya.

Tulichokiona mahali pamoja

Nilialikwa katika parokia moja ya vijijini baada ya mambo kuharibika. Laptopu ya ofisi ilikuwa imeandaliwa na mfanyakazi wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao. Alipoiwasha mara ya kwanza alitumia akaunti yake mwenyewe ya Microsoft, na kompyuta ikaifunga diski yake kwa siri bila kelele yoyote. Kila asubuhi ilijifungua yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ina kufuli.

Fundi kijana, mwenye moyo wa kusaidia, alikuja kuweka Linux pembeni ya Windows. Aliingia kwenye mipangilio ya ndani, akazima kipengele kimoja, akaiwasha upya. Badala ya Windows ikatokea skrini ya bluu ikidai namba yenye tarakimu 48. Fundi alirudi ndani na, kwa kubahatisha, akafuta kumbukumbu ya chipu ya TPM. Hapo hata kurudisha mpangilio wa kwanza hakukusaidia tena.

Kitabu cha ubatizo kilikuwa salama, kwa kuwa kimeandikwa kwa mkono. Daftari la mikopo la kikundi cha akina mama halikuwa na nakala. Kwa wiki tatu sanduku la fedha lilikaa limefungwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani anadaiwa kiasi gani. Mikopo ya mbegu ilisimama wakati mvua zimeanza. Mwishowe yule mfanyakazi wa kujitolea alipatikana kwa simu, akafungua akaunti yake na kuikuta ile namba. Kazi ikaendelea.

Fundi hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyekuwa nimewashauri wabadili mfumo, na sikuwaeleza hatua hii. Makala hii ni deni ninalolipa.

Mipangilio ya ndani ni nini?

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows au Linux si ya kwanza kuamka. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna chipu ndogo yenye programu iliyowekwa na kiwanda. Programu hiyo huamka kwanza, hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta mfumo wa kuwasha na kuukabidhi kazi. Kwa Kiswahili huitwa programu dhibiti. Mafundi wengi huiita BIOS, jina lililozoeleka tangu kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981. Mashine za miaka ya karibuni zina aina mpya zaidi iitwayo UEFI, ingawa wengi wanaendelea kutumia jina la zamani.

Inafanana na mlinzi wa geti aliyepewa orodha. Orodha inasema nani aruhusiwe kwanza, nani aonyeshe kitambulisho, na nani asiingie kabisa. Mgeni akikataliwa getini, si lazima kosa liwe lake. Huenda jina lake halimo katika orodha. Ndivyo ilivyo flashi yenye Linux inapokataa kuwaka. Mara nyingi flashi ni nzima, na kinachohitaji kuangaliwa ni orodha.

Tofauti na mafaili yenu, mipangilio hii haikai kwenye diski. Kwa hiyo kufuta diski hakuibadilishi. Neno la siri lililowekwa humo na mwenye mashine wa kwanza litabaki hata mkiweka diski mpya.

Mambo matano kabla ya kugusa chochote

1. Nakala. Nakilini kumbukumbu zote muhimu kwenye diski ya nje au flashi, kisha ifungueni kwenye kompyuta nyingine muone kama mafaili yanasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa msiihesabu kuwa nakala. Kumbukeni orodha za waumini, hesabu za michango, barua, picha, na mafaili yaliyoachwa kwenye uso wa skrini, ambayo ndiyo husahaulika zaidi.

2. Ufunguo wa diski. Katika Windows tafuteni neno "BitLocker" au "Device encryption". Kama imewashwa, tafuteni namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa kompyuta, au katika taasisi iliyokuwa ikiimiliki. Iandikeni kwenye karatasi, mhakikishe tarakimu kwa watu wawili, na iwekwe pamoja na nyaraka za parokia, si ndani ya mkoba wa hiyo laptopu. Kama mnakusudia kubaki na Windows pembeni ya Linux, njia iliyo nyepesi ni kuzima kufuli hilo kabisa na kusubiri diski ifunguliwe yote kabla ya kuendelea. Kwenye mashine ya zamani kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, hivyo msiianze jioni umeme ukiwa wa mashaka.

3. Kuzima kikamilifu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, kwa kawaida kompyuta haizimi yote. Huhifadhi sehemu ya kazi kwenye diski ili kesho iwake haraka. Diski inabaki kama mlango ulioegeshwa, na Linux ikiikuta hivyo hukataa kuandika humo, au mafaili huharibika. Nendeni "Control Panel", kisha "Power Options", mfungue sehemu ya vitufe vya kuwashia na kuondoa alama kwenye "Turn on fast startup". Kisha zimeni kompyuta.

4. Namna inavyowaka. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, mwandike msinfo32. Katika orodha itakayotokea, tafuteni mstari wa "BIOS Mode". Utasema "UEFI" au "Legacy". Andikeni jibu. Tutalihitaji.

5. Umeme. Laptopu iwe na chaji ya kutosha na iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye kifaa cha akiba ya umeme kama kipo. Kubadili mipangilio ni kazi ya dakika chache, lakini kusasisha programu dhibiti yenyewe ni jambo jingine: umeme ukikatika katikati, ubao mkuu unaweza usiwake tena. Kama hakuna sababu ya lazima ya kuisasisha, iacheni.

Namna ya kuingia

Mlango wa mipangilio hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu baada ya kuwasha, kabla ya nembo ya Windows. Bonyezeni mara kwa mara, msisubiri. Vitufe hutofautiana kwa kampuni:

- Dell: F2 kwa mipangilio, F12 kwa kuchagua pa kuwashia.
- HP: F10 kwa mipangilio, F9 kwa kuchagua pa kuwashia. Esc huonyesha orodha yote.
- Lenovo ThinkPad: F1 kwa mipangilio, F12 kwa kuchagua pa kuwashia.
- Acer na ASUS: F2 kwa mipangilio kwenye laptopu nyingi. Mezani mara nyingi ni Delete.

Kompyuta ikiwaka haraka mno, kuna mlango mwingine. Ndani ya Windows, shikilieni kitufe cha Shift huku mkichagua "Restart". Katika menyu itakayokuja chagueni "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "UEFI Firmware Settings".

Mkiisha kuingia, msibadili lolote kwanza. Pigeni picha ya kila ukurasa kwa simu. Picha hizo ndizo njia yenu ya kurudi. Humo ndani mara nyingi kipanya hakifanyi kazi. Tumieni vishale vya kibodi na Enter.

Mipangilio sita ya kukagua

Kwanza, tarehe na saa. Kama saa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Ni betri ya duara kama sarafu, kwa kawaida aina ya CR2032 ya volti 3, inayopatikana kwenye maduka ya saa na vifaa vya umeme. Ikiwa imekufa, mipangilio mnayoiandaa leo inaweza kupotea mara tu mnapochomoa waya. Pia tovuti nyingi hukataa kufunguka kwenye kompyuta yenye tarehe ya uongo, na mfumo mpya hautaweza kupakua marekebisho. Badilisheni betri kabla ya kazi nyingine yoyote.

Pili, neno la siri. Kama mipangilio inadai neno la siri ambalo hamlijui, simameni hapo. Kwenye kompyuta nyingi za mezani fundi anaweza kuliondoa kwa utaratibu ulioelezwa katika kijitabu cha ubao. Kwenye laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni, neno hilo hukaa ndani ya chipu na halifutiki kwa kutoa betri. Wasilianeni na mfadhili aliyeileta. Tutarudi kwenye jambo hili.

Tatu, UEFI au Legacy. Kama Windows itabaki, acheni namna ileile mliyoiona kwenye msinfo32, na flashi ya Linux iwashwe kwa namna hiyohiyo. Mifumo miwili iliyowekwa kwa namna mbili tofauti haionani wakati wa kuwasha, na mtu atadhani mmoja umefutika. Kama Windows inaondolewa yote, chagueni UEFI iwapo kompyuta inayo. Mpangilio huu huweza kuitwa "Boot Mode" au "CSM".

Nne, "Secure Boot". Hiki ndicho kipengele kilichozimwa katika kisa chetu. Kazi yake ni kukagua saini ya programu inayotaka kuwasha kompyuta, ili programu ya wizi isitangulie mfumo. Maelekezo mengi ya zamani husema kizimwe kwanza. Siku hizi mara nyingi si lazima. Ubuntu na Fedora huwaka kikiwa kimewashwa, na Debian pia tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Kwa hiyo jaribuni kwanza bila kukigusa. Kama flashi ikikataliwa, angalieni kama kuna mpangilio unaoruhusu cheti cha Microsoft kwa programu za makampuni mengine, wenye maneno "3rd Party UEFI CA". Baadhi ya laptopu za Lenovo za tangu mwaka 2022 huja huo ukiwa umezimwa. Sababu nyingine ni umri wa vyeti vyenyewe: vile vya mwaka 2011 vimewekewa mwisho wa muda katika mwaka 2026, na vipya ni vya mwaka 2023. Kompyuta isiyo na vipya huendelea kuwaka na mfumo iliokuwa nao, lakini inaweza kuikataa flashi iliyotiwa saini kwa cheti kipya pekee. Ikifika hapo, na kama ufunguo wa diski upo mkononi, kuzima "Secure Boot" ni halali.

Tano, namna ya diski. Tafuteni "SATA Operation" au "Storage". Baadhi ya laptopu, hasa za Dell, hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa "RAID" au "Intel RST". Linux ikiwekwa hapo mara nyingi haioni diski kabisa, na wengi hudhani diski imekufa. Inatakiwa "AHCI". Kama Windows inafutwa, badilisheni tu. Kama Windows inabaki, msibadili ghafla, kwa sababu inaweza kushindwa kuwaka. Fundi aiweke kwanza Windows iwake katika "Safe Mode", abadili mpangilio, aiache iwake mara moja humo ili ipate kujirekebisha, ndipo airudishe katika hali ya kawaida. Ikigoma, rudisheni mpangilio wa mwanzo kama ulivyo kwenye picha zenu.

Sita, orodha ya kuwasha. Hakikisheni kuwasha kwa njia ya USB kumeruhusiwa. Si lazima kubadili mpangilio wa kudumu. Tumieni kitufe cha kuchagua pa kuwashia, F12 au F9, kwa mara moja tu. Hivyo mtu akisahau flashi kwenye kompyuta kesho, ofisi haitashangaa kuona skrini nyingine.

Mkimaliza, hifadhini na kutoka. Kwenye mashine nyingi ni F10. Kisha, kabla ya kuchomeka flashi, acheni Windows iwake mara moja. Ikiwaka bila kudai namba, mmevuka salama.

Mambo ya kutofanya

Msifute TPM. Katika menyu huonekana kama "Clear TPM" au "Clear Security Chip", na linaonekana kama jambo la usafi tu. Ndani yake ndimo ufunguo wa kila asubuhi unamokaa.

Msichague "Load Defaults" kwa kubahatisha. Hurudisha mipangilio yote kwa pamoja, pamoja na ile ya diski, na hamtajua ni upi ulioleta tatizo.

Msibadili mambo mawili kwa mara moja. Badilisheni moja, hifadhini, washeni, tazameni.

Skrini ya bluu inayodai tarakimu 48 ikitokea, msitaharuki. Zimeni, ingieni tena, mrudishe mpangilio wa mwisho mlioubadili. Mara nyingi Windows itafunguka yenyewe kama hakuna jingine lililoguswa. Ndiyo faida ya kwenda hatua kwa hatua.

Jaribuni kabla ya kukubali

Mifumo mingi ya Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kutumiwa bila kuandika chochote kwenye diski. Tumieni nafasi hiyo. Katibu akae, afungue barua ya zamani ya parokia, ajaribu intaneti isiyo na waya, sauti na printa. Mhasibu aulizwe kama programu yake ya hesabu inatumika kwenye Windows pekee. Jibu likiwa ndiyo, afadhali lijulikane leo kuliko baada ya diski kufutwa. Barua na majedwali kwa kawaida hufunguka katika LibreOffice, programu iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice. OpenOffice yenyewe si ngeni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, ambalo jina lake, kutoka lugha za kusini mwa Afrika, lina mzizi mmoja na neno letu utu.

Kama mtandao usio na waya haukamatwi, msikate tamaa mapema. Vifaa vingine huhitaji programu ya nyongeza. Wakati wa kuiweka, mfumo unaweza kuwaomba mtunge neno la siri, na kompyuta ikiwaka upya italiuliza kwenye skrini ya bluu yenye maneno "Enroll MOK". Hiyo si ile skrini ya hatari. Ni "Secure Boot" inayoomba ruhusa yenu kuipokea programu hiyo. Wakiipita bila kujibu, watu hubaki wakijiuliza kwa nini mtandao haufanyi kazi.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mnazozituma. Tunaomba mtusaidie katika jambo moja ambalo ni rahisi kwenu na gumu mno kwetu: zifungueni kabla ya kuzifunga kwenye maboksi.

Laptopu yenye neno la siri la mipangilio ya ndani inaweza kupita forodha, kusafirishwa hadi kijijini na kupokelewa kwa nyimbo, kisha isiweze kuwekewa mfumo wowote. Mtu wa idara ya kompyuta aliyeliweka angeliondoa kwa dakika mbili. Akishaondoka kazini, huenda hakuna mwingine anayelijua. Kwa hiyo tunaomba:

- Ondoeni neno la siri la mipangilio, la kuwashia na la diski.
- Itoeni mashine katika orodha ya usimamizi ya kampuni au shule yenu, pamoja na huduma yoyote ya kuifuatilia ikiibiwa. Chromebook ambayo haijaondolewa huko huendelea kudai akaunti ya shule ya kwanza.
- Kama ni Mac, ondoeni akaunti ya Apple ili isibaki na kufuli la mwenye awali. Mac za Intel zenye chipu ya T2 zina mpangilio wa ziada: kuwasha kutoka diski ya nje kumezuiwa tangu kiwandani, na ni lazima kuruhusiwe katika "Startup Security Utility".
- Futeni data zenu kwa njia ya uhakika. Ni ulinzi wenu na wetu.
- Wekeni betri mpya ya CR2032, na ndani ya boksi karatasi moja yenye mwaka wa mashine, prosesa, kumbukumbu na kitufe cha kuingilia mipangilio.

Tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa marekebisho ya Mkataba wa Basel, taka zote za vifaa vya umeme zinazovuka mpaka zinahitaji idhini ya nchi inayopokea. Kompyuta isiyotumika ikifika kwetu, mzigo wa kuitupa salama unakuwa wa parokia ambayo haina mahali pa kuitupa. Mashine tatu zilizofunguliwa zina faida kuliko kumi zilizofungwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani aliyeiandaa kompyuta ya ofisi yetu mara ya kwanza, na akaunti iliyotumika ni ya nani? Kama ni ya mtu binafsi, tutapataje ufunguo wa diski akihama?

2. Ni kumbukumbu zipi zilizomo ndani ya kompyuta tu, zisizo na nakala ya karatasi wala ya diski ya nje?

3. Fundi akija, nani atakaa naye, atapiga picha za mipangilio na kuandika kila kinachobadilishwa?

4. Karatasi yenye ufunguo, picha na majina ya mipangilio itatunzwa wapi, na ni watu gani wawili watakaojua?

5. Tukipokea kompyuta za msaada, nani atazijaribu kila moja kabla ya kutia saini hati ya kupokea?

Swali la pili lianze. Kama jibu lake ni daftari la mikopo, orodha ya yatima au hesabu za ujenzi, basi kazi ya kwanza ya wiki hii ni nakala. Mfumo mpya unaweza kusubiri hadi wiki ijayo.